Singo na skrabu za nyumbani: jinsi ya kutengeneza na kuuza bila hasara

Malindi, Mambrui na Mtwapa, bibi arusi bado husingwa kabla ya siku yake. Somo wake huchukua mchanganyiko wa liwa, maua ya waridi, karafuu, mrihani na manjano uliosagwa, akaulainisha kwa maji ya waridi au mafuta ya nazi, kisha akamsugua mwili mzima mpaka ngozi iliyokufa itoke. Hiyo ndiyo singo. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa kwa sukari au chumvi iliyochanganywa na mafuta na kutiwa ndani ya kopo lenye lebo, madukani huitwa skrabu.

Vikundi vya akina mama na vijana katika Kaunti ya Kilifi wana sababu nzuri ya kuitazama biashara hii. Nazi ziko Kaloleni na Rabai. Chumvi huvunwa Gongoni na Marereni. Nyumba za wageni na hoteli ziko Watamu na Malindi, na harusi haziishi. Vifaa vinavyohitajika ni bakuli, mizani, kijiko kikubwa na ungo. Hakuna mashine ya kukopea pesa.

Hata hivyo, biashara nyingi za aina hii hukwama mapema, mara nyingi kwa sababu ya bei iliyowekwa kwa kukisia, hata kama bidhaa yenyewe ni nzuri. Mtengenezaji hujumlisha sukari na mafuta, huongeza kidogo, na huamini kwamba kilichoongezwa ni faida. Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza skrabu isiyoharibika, halafu inafuata kila shilingi mpaka bei ya kuuzia ipatikane.

Sukari, chumvi na mafuta

Kipimo cha kuanzia ni rahisi: kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya mafuta ya nazi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban gramu 920, hivyo mchanganyiko wote hukaribia kilo 2.9. Ukiondoa kinachobaki kwenye bakuli na kijiko, hutoka makopo 14 ya gramu 200. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno, mafuta huelea juu na sukari hukaa chini. Ukiwa mkavu mno, hauenei mwilini. Ni afadhali kuongeza mafuta kidogo kidogo kuliko kuyamimina yote kwa mara moja.

Mafuta ya nazi huganda kwenye baridi ya chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Pwani hubaki maji karibu mwaka mzima, lakini mteja wa Nairobi au Limuru atalikuta kopo limeganda. Hakuna kilichoharibika, ila ni vyema lebo iseme hivyo kabla simu ya malalamiko haijapigwa.

Wanaokamua mafuta wenyewe wana nafuu kubwa ya gharama, kwa sharti moja. Nazi 10 hadi 15, kulingana na ukubwa wake, hukunwa, hukamuliwa tui, na tui huchemshwa mpaka mafuta yajitenge. Wengi huepua mapema. Madhali sufuria bado inatatarika na kutoa povu, maji yamo. Mafuta yenye maji huchacha baada ya muda mfupi, na harufu hiyo haifichwi na karafuu wala waridi. Sufuria ikinyamaza, mafuta yaachwe yapoe, yachujwe kwa kitambaa safi kikavu na kuwekwa kwenye chupa iliyokauka kabisa.

Chumvi ya mashambani ni rahisi kuliko sukari, lakini haitumiwi kama ilivyotoka. Ina punje kubwa zenye ncha, wakati mwingine na mchanga, na chumvi ghafi huvuta unyevu wa hewa. Ianikwe juani mpaka ikauke, itwangwe kidogo, kisha ichekechwe. Skrabu ya chumvi hufaa miguu na visigino. Haifai ngozi iliyonyolewa siku hiyo wala yenye mkwaruzo, kwa sababu itawasha, na mteja hatarudi.

Makapi ya kahawa yaliyokwisha tumika hayana gharama na watalii huyapenda. Lazima yakaushwe mpaka yawe kama vumbi, la sivyo huota ukungu ndani ya kopo.

Maji ndiyo adui

Sukari na mafuta havina maji, na viini vya magonjwa na ukungu haviwezi kukua pasipo maji. Hiyo ndiyo sababu skrabu hii hudumu bila dawa ya kuhifadhi. Mtu akiongeza maji ya waridi, maziwa lala, papai, mshubiri mbichi au maji ya limau, ametengeneza kitu kingine kabisa. Kitu hicho ni kizuri kutumia siku hiyo hiyo nyumbani, na hakifai kuuzwa. Limau lina ubaya wake wa ziada: maji yake yakibaki kwenye ngozi na mtu akatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi kwa wiki nyingi.

Maji pia huingia baada ya kuuza. Mteja yuko bafuni, mkono umelowa, anauchovya ndani ya kopo. Baada ya siku kadhaa ukungu unaonekana. Maneno manne kwenye lebo, “Chota kwa kijiko kikavu”, huokoa makopo mengi. Upande wa mtengenezaji, makopo yaoshwe siku moja kabla na yakauke usiku kucha yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi. Kuyafuta kwa taulo na kuyajaza papo hapo hakutoshi.

Kwa mtengenezaji wa nyumbani asiye na maabara ya kupima, kuandika muda wa matumizi wa miezi 3 ni busara. Kuandika miaka miwili kwa sababu kopo la dukani limeandikwa hivyo ni kujitafutia lawama.

Hesabu ya makopo 14

Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili hesabu iweze kufuatwa. Kila mmoja aweke bei aliyolipa mwenyewe, kwa sababu bei ya sukari na mafuta hupanda na kushuka.

Sukari kilo 2: Sh340
Mafuta ya nazi lita 1: Sh800
Karafuu na waridi: Sh100
Makopo 14 kwa Sh45: Sh630
Lebo 14 kwa Sh10: Sh140
Makaa, maji na sabuni ya kuoshea vyombo: Sh80
Nauli ya kwenda kununua na kurudi: Sh200
Kazi, saa 4 kwa Sh100: Sh400
Jumla: Sh2,690

Kati ya makopo 14, moja litatumika kama sampuli ya wateja kujaribu, au litapasuka njiani. Yatakayouzwa ni 13. Sh2,690 ukigawanya kwa 13 ni karibu Sh207. Hiyo ndiyo gharama ya kopo moja. Bado haijaingia senti ya faida.

Sasa mwangalie mama anayehesabu sukari na mafuta pekee. Kwake, gharama ni Sh1,140 kwa makopo 14, yaani Sh81 kila moja. Anauza kwa Sh150 na anaona amepata Sh69. Akiuza makopo 13 anapokea Sh1,950. Lakini pesa taslimu zilizotoka mkononi mwake, hata bila kujilipa saa zake, ni Sh2,290. Amepoteza Sh340 na kufanya kazi saa nne bure. Kadiri anavyopata wateja wengi, ndivyo shimo linavyozidi. Atasema biashara ni ngumu, wakati tatizo liko kwenye bei.

Jambo moja katika orodha hiyo huwashangaza wengi. Sukari iliyo ndani ya kopo haifiki Sh25. Kopo lenyewe ni Sh45, na pamoja na lebo ni Sh55. Mnunuzi analipia chombo zaidi ya mara mbili ya anavyolipia sukari. Anayetaka kupunguza bei aanze hapo, si kwa kupunja gramu.

Kwa bei ya Sh250, makopo 13 huleta Sh3,250. Baada ya gharama zote, ikiwemo Sh400 ya kazi, hubaki Sh560. Ni faida ya kuridhisha, ila siku nzima ya kukaa sokoni haimo katika hesabu hii. Ndiyo maana skrabu huuzwa vyema pamoja na bidhaa nyingine, kama udi, mafuta au vikoi, kuliko kupangiwa meza yake pekee.

Duka likitaka kuuza bidhaa hiyo, nalo linahitaji chake. Tuseme mwenye duka ataongeza Sh50: bei ya rafuni itakuwa Sh300. Mtengenezaji asiuze kwa Sh250 mlangoni mwa duka hilo hilo. Mwenye duka akigundua ataacha kuagiza, na atakuwa na haki.

Kwa jirani asiyeweza kutoa Sh250

Si kila mkazi ana Sh250 za kujisugua. Kuna njia kadhaa za kuteremsha bei bila mtengenezaji kujinyima ujira wake.

Kwanza ni chumvi. Kilo 2 za chumvi kwa mfano wa Sh80 badala ya sukari ya Sh340 hupunguza gharama ya kila kopo kwa Sh20. Pili ni kopo kurudishwa. Mteja anayerudi na kopo lake apunguziwe Sh30. Lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, likauke kabisa, na lijazwe kwa ajili ya mteja huyo huyo, si kupewa mwingine. Tatu ni kununua makopo pamoja: vikundi viwili au vitatu vikiagiza kwa jumla kutoka Mombasa, bei ya kopo hushuka na nauli hugawanywa.

Kwa nyumba za wageni na saluni, makopo madogo hayana maana. Kilo moja ya skrabu inahitaji makopo matano ya Sh45, yaani Sh225. Chombo kimoja cha kilo moja kikiwa cha Sh90, zimeokolewa Sh135 kabla hata mazungumzo ya bei hayajaanza. Tahadhari ni moja: wateja hawa wakubwa mara nyingi hulipa mwisho wa mwezi au baadaye. Kikundi chenye mtaji wa makopo 14 kisikubali oda ya kilo 20 kwa mkopo, hata kama jina la hoteli ni kubwa. Nusu ya malipo ilipwe kwanza.

Njia ya nne ndiyo bora kwa soko la mtaani, nayo ndiyo ya kale: singo kavu. Haina mafuta, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na haihitaji kopo. Kilo 1 ya mchele husagwa kwa unga usiokuwa laini sana, huchanganywa na gramu 200 za waridi lililokaushwa, mrihani mkavu, manjano na karafuu kidogo, kisha hufungwa katika pakiti za karatasi za gramu 50. Mnunuzi huongeza mafuta au maji ya waridi nyumbani, kiasi cha kutumia siku hiyo.

Hesabu yake ya mfano: mchele Sh180, viungo na maua Sh300, pakiti 24 za karatasi Sh120, lebo ndogo Sh120, nauli Sh150, saa 3 za kazi Sh300. Jumla ni Sh1,170. Pakiti moja ikitolewa sampuli, 23 zilizobaki zinagharimu karibu Sh51 kila moja. Zikiuzwa kwa Sh70, huingia Sh1,610 na hubaki Sh440 juu ya ujira. Sh70 kwa singo moja kamili ni bei ambayo msichana wa shule anayejiandaa kwa harusi ya dada yake anaweza kuifikia.

Karatasi hapa si suala la urembo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa na ile bapa imepigwa marufuku nchini, isipokuwa vifungashio vya viwandani vilivyoruhusiwa kwa masharti. Faini huanzia Sh2 milioni. Kufunga singo kwenye vijikaratasi vya nailoni ili kuokoa shilingi mbili ni hatari isiyo na sababu.

Kuhusu liwa, wanunuzi waulize ilikotoka. Uvunaji wa msandali wa Kenya, Osyris lanceolata, ulipigwa marufuku mwaka 2007, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 2013. Singo bila liwa bado ni singo. Waridi na mrihani hutosha kuipa harufu.

Ngozi ya mteja

Skrabu huondoa ngozi iliyokufa. Haibadilishi rangi, haitibu chunusi, wala haiondoi michirizi. Mtengenezaji asiandike neno “hutibu” kwenye lebo, kwani kwa neno hilo bidhaa hugeuka kuwa dawa na kuingia mikononi mwa Bodi ya Famasia na Sumu. Wapo wanaochanganya krimu za kung’arisha ngozi ndani ya skrabu ili ionekane inafanya kazi haraka. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi nchini Kenya. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo, na mama mjamzito humpitishia mtoto.

Karafuu ni kali. Karafuu iliyosagwa kidogo inatosha, na mafuta yake yaliyokolea yaachwe kwa wanaojua vipimo. Sukari na chumvi zisitumike usoni, wala kwa watoto wachanga, wala kwenye ngozi yenye ukurutu au kidonda. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Mteja mpya apake kidogo upande wa ndani wa mkono na asubiri siku nzima kabla ya kujisugua mwili wote. Manjano hutia doa kwenye taulo nyeupe, jambo ambalo hoteli zitauliza mapema. Na mafuta huteleza: mzee akijisugua, sakafu ya bafu ioshwe kwa sabuni kabla mwingine hajaingia.

Vibali na lebo

Anayeuza, hata kwa meza, anahitaji leseni ya biashara ya kaunti, ambayo huombwa kupitia ofisi ya biashara iliyo karibu. Mizani inayotumika kupimia bidhaa za kuuza lazima ikaguliwe na kupigwa mhuri na afisa wa vipimo. Mizani ya jikoni iliyokosea gramu 10 kwa kila kopo humnyima mteja haki yake, au hula mafuta ya mtengenezaji bila yeye kujua.

Bidhaa ikitoka mezani na kwenda dukani au supamaketi, huhitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lenye ofisi ya kanda mjini Mombasa. Kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, na ni vyema kikundi kiulize ada ya wakati huo kabla ya kuchapisha lebo kwa wingi, kwa kuwa nambari ya kibali huandikwa kwenye lebo. Wanunuzi nao wanaweza kuhakiki nambari hiyo kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama # na nambari ya kibali kwenda 20023.

Lebo yenyewe iwe na jina la bidhaa, jina na anwani ya mtengenezaji, uzito, viambato vyote, namna ya kutumia na tahadhari, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na nambari ya mkupuo. Kama mafuta ya nazi yamechanganywa na mafuta ya kupikia ili kupunguza gharama, hilo liandikwe. Si kosa kuyachanganya. Kosa ni kuandika “nazi tupu”.

Nambari ya mkupuo ndiyo wengi huiacha kwa sababu haionekani kuwa na kazi. Tosha daftari la shule: tarehe, mafuta yalinunuliwa kwa nani, makopo mangapi yalitoka, yalikwenda wapi. Mteja wa Watamu akipiga simu kusema kopo lake limeota ukungu, kikundi chenye daftari kitarudisha makopo 14 ya siku ile. Kisicho na daftari kitalazimika kuyarudisha yote.